Ruta ya Mtu Mmoja

Haya yalimpata fundi cherehani mmoja, rafiki wa dada yangu, mjane ambaye watoto wake wameshaoa na kuolewa, wakamwachia nyumba nzima na ukimya wake. Alikwenda dukani kutafuta ruta ya intaneti ili awe anawaona wajukuu kwenye simu.

“Mama, nyumbani mko wangapi?” muuzaji akamuuliza.

“Niko peke yangu, mwanangu.”

“Basi chukua hii ndogo. Kwa mtu mmoja inatosha na kubaki.”

Jioni akaichomeka sebuleni, akaweka neno la siri asimtajie mtu, akampigia bintiye. Picha ikawa inaganda kila mara.

“Mama, kuna mwingine anatumia?”

“Nani tena? Labda mjusi.”

“Hebu ichomoe, usubiri kidogo, uichomeke tena.”

Akaichomoa. Vitaa vya kijani vikazimika, na kwa kuwa alikuwa hajawasha taa, giza likajaa mpaka mwisho wa korido. Friji ikanguruma, ikanyamaza. Ndipo nyuma ya mlango wa chumba cha mwisho, ambacho hakijalaliwa tangu mumewe azikwe, mtu akasonya, msonyo mrefu wa mtu aliyekatiziwa mpira penalti ikisubiri kupigwa.