Meno Meupe ya Dada

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dada alichota maji kwenye pipa, akamwosha mdogo wake uso, akamchana nywele na kumsikiliza. Kumsikiliza ndiko kulikokuwa kazi kubwa. Mtoto huyo wa miaka saba aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akivaa viatu, aliongea akinywa uji, na mama yao alisema hata usingizini alikuwa akibishana na watu.

Dada mwenyewe hakuwa msemaji. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kila alipofungua kinywa aliweka kiganja mbele yake, kama mtu anayepiga miayo. Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia. Kijijini walikotoka, maji ya kisima yalikuwa na madini mengi, na karibu kila mtu alikuwa na meno ya namna hiyo. Nani angemcheka mwenzake? Lakini baba alipofariki, mama aliwaleta mjini, akapanga chumba kimoja, akaweka cherehani yake barazani. Huku mjini meno ya Dada yakawa habari.

"Kutu!" wenzake walimwita darasani. "Kutu, usicheke, utatuchafulia sare!"

Mwalimu alipouliza swali, mara nyingi Dada alilijua jibu. Hata hivyo aliinamisha kichwa, akamwacha mwingine akosee.

Siku moja jino lake la nyuma lilimuuma, mama akampeleka kwa daktari wa meno. Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa ambako mama alinunua nyuzi. Walipokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri, mlango ulifunguliwa, akatoka mwanamke aliyeshika kioo kidogo. Alijitazama, akatabasamu, akajitazama tena. Meno yake yalikuwa meupe pe! Dada alisahau hata maumivu yake.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alilisafisha lile jino na kuliziba. Alipomaliza, Dada aliuliza kupitia kiganja chake, "Daktari, na mimi unaweza kuning'arishia meno kama yule?"

"Ondoa mkono kwanza, mwanangu. Kwangu hapa mtu hafichi mdomo; wote wakificha, nitakula nini?" Daktari alicheka kidogo, kisha akavuta kiti. "Yule ni mtu mzima. Madoa yake ni ya chai na kahawa, yako juu juu. Na bado nilimpima kwanza, nikazikinga fizi zake, ndipo nikapaka dawa, huku nikimwangalia mpaka mwisho. Madoa yako yaliingia ndani ya jino tangu lilipokuwa likiumbika. Dawa ile haitakupa unachotaka, na meno yako bado ni machanga. Ukikua, njoo. Zipo njia nyingine."

"Mpaka nikue?"

"Subira, mwanangu."

Subira ni neno jepesi kwa anayelitoa. Jioni ile Dada hakugusa chakula.

Haikupita wiki, akakutana na mtu mmoja nje ya kituo cha mabasi. Alivaa koti jeupe kama la daktari, lakini chini alikuwa na ndala. Mbele yake alipanga vichupa vidogo visivyo na maandishi yoyote, na kipaza sauti chake kilipiga kelele kushinda honi zote. "Meno kama maziwa! Pamba, sugua, tema! Kwa daktari utaambulia foleni tu!"

Dada alisimama mbali kidogo, akapita, akarudi. Mwishowe alitoa akiba yake yote, akaondoka na kichupa kimoja mfukoni.

Alikitumia bafuni, mlango umefungwa. Dawa ilinuka vibaya, na ilipogusa fizi ilichoma kama pilipili kwenye kidonda. Machozi yalimtoka. Akatema, akasukutua, akajitazama kwenye kipande cha kioo. Kweli, yale madoa yalikuwa yamefifia! Meno yalionekana meupe, ingawa hayakuwa na mng'ao. Yalifanana na chaki.

"Haa, kutu imepigwa msasa!" alisema msichana aliyekaa nyuma yake darasani, yule aliyekuwa wa kwanza kumpa jina hilo. Wenzake walicheka, na kwa mara ya kwanza Dada alicheka pamoja nao, mkono ukiwa mezani.

Furaha ile ilikuwa na sumu ndani yake. Baada ya siku chache maji baridi yalianza kumchoma meno hadi kisogoni. Uji wa moto ukawa adhabu. Fizi zilivimba, mswaki ukawa unatoka na damu. Dada hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba uzuri ni udhia, akaendelea kupaka.

Chiriku, ambaye hakuna kilichompita, alimfuma akikificha kichupa ndani ya boksi la mabaki ya vitambaa, chini ya kitanda.

"Dada, hiyo ni nini? Ndiyo inayokufanya mweupe meno? Na mimi meno yangu mapya yana madoa, ona! Nipake na mimi!"

"Hii ni ya wakubwa. Na ole wako umwambie mama! Ukisema, sitakuwa dada yako tena."

Chiriku aliweka kidole midomoni, akaapa kwamba hatasema.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa barazani akimalizia suruali ya mteja, na Dada alikuwa uani akianika nguo. Nyumba ilikuwa kimya. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuushtukia ukimya huo. Alisimamisha cherehani.

"Mbona simsikii Chiriku?"

Walimkuta nyuma ya mlango wa bafu, amejikunja. Midomo yake ilikuwa imevimba, ngozi ya ndani imegeuka nyeupe kama imepikwa, mate yanatiririka hadi kifuani. Alikuwa analia bila sauti.

"Mwanangu! Amekula nini? Wewe, mdogo wako amekula nini?"

Dada aliona pamba imeanguka kando ya ndoo. Akaikanyaga.

"Sijui, mama," alisema. "Labda... labda amekunywa chai ya moto."

Mama hakungoja neno la pili. Alimbeba Chiriku mgongoni, akakimbia hadi kwa daktari waliyemjua, kwa kuwa kliniki ilikuwa karibu kuliko hospitali. Dada alifuata nyuma.

Daktari alimlaza mtoto kwenye kiti, akawasha taa, akaukosha mdomo wake kwa maji mengi.

"Chai, mmesema?"

"Ndivyo anavyosema dada yake," mama alijibu, akihema.

Daktari alikunja uso. "Sijawahi kuona chai ikiunguza hivi. Chiriku, mwanangu, umeweka nini mdomoni? Kuna mtu amekupa kitu?"

Mtoto alitikisa kichwa. Kisha akamgeukia Dada, akainua kidole chake kidogo, akakiweka juu ya ile midomo iliyovimba. Alikuwa anatunza siri.



"Sikilizeni," daktari alisema. "Kama ni chai, nitampaka dawa ya kutuliza maumivu, mtarudi nyumbani. Kama ni kitu kingine na amekimeza, basi koo na tumbo vinaungua sasa hivi, na nyumbani siyo pa kwenda. Nikikosea mimi, atakayeumia ni yeye. Nani anajua?"

Chiriku alimeza mate, akajikunja kwa uchungu.

"Mimi!" Dada alipiga ukelele. "Mimi najua! Ni dawa yangu ya kung'arisha meno. Nilimwambia asiseme. Ni yangu, daktari, msimrudishe nyumbani!"

Mama alimtazama. Hakumpiga wala hakumgombeza. Alimtazama tu kama mtu asiyemfahamu, na hilo liliuma kuliko kofi.

"Kimbia ukailete hiyo chupa," daktari alisema. "Usisimame popote."

Aliporudi nayo, daktari aliifungua, akainusa kwa mbali, akaifunga upesi. "Hii ni tindikali, watu husafishia masinki ya choo," alisema. Aliandika maelezo, akaifunga chupa kwenye mfuko, akawapakia mama na mtoto kwenye gari lake mwenyewe hadi hospitali kubwa.

Chiriku alilazwa. Alikuwa amemeza kidogo, na madaktari walisema kwamba kujua mapema alichomeza ndiko kulikoliokoa koo lake. Hata hivyo zilikuwa siku za giza. Alilishwa maziwa na uji mwembamba kwa mrija. Nyumbani cherehani ilinyamaza, wateja wakaondoka na vitambaa vyao. Dada alifua, akapika, akapeleka uji hospitali, akakaa kando ya kitanda bila kujua la kusema. Mdogo wake naye alizungumza kwa macho tu.

Chiriku alirudi nyumbani. Kidonda kilipopona kiliacha kovu ndani ya mdomo wake, na meno yake mawili mapya yakabaki na mikwaruzo.

Zamu ya Dada ilipofika, daktari aliyachunguza meno yake kwa muda mrefu.

"Ukikata kucha, inaota," alisema. "Ganda la juu la jino halioti tena. La kwako limeliwa. Ndiyo maana maji baridi yanakuuma."

"Hutanilaumu?"

"Umeshajilaumu vya kutosha. Mimi kazi yangu ni kuziba."

Fizi zilipopoa, aliyafunika meno ya mbele kwa dawa ngumu yenye rangi kama ya jino. Hayakuwa meupe kama ya yule mwanamke mwenye kioo, lakini Dada aliweza tena kunywa maji bila kulia. Daktari alimwonya kwamba kifuniko hicho kitahitaji kurekebishwa kila baada ya muda, maisha yake yote.

Daktari alitoa taarifa, na afisa wa afya akamtafuta yule muuzaji mwenye koti jeupe. Alikuwa amehama. Pale alipokuwa anasimama, kijana mwingine aliuza vitana.

Dada alikwenda kwa mwalimu wake, akaomba kusema mbele ya darasa. Mkono ukiwa mbali na mdomo, aliwaeleza yote.  Alipomaliza, yule msichana wa nyuma, mwenye meno mazuri yasiyo na doa, aliinuka taratibu, akatoa kichupa kutoka kwenye mkoba wake, akakiweka mezani kwa mwalimu. Alikuwa analia.

Jioni hiyo Dada alimsimulia mama. Mama alikuwa anapinda pindo la gauni. Alisikiliza bila kuinua macho, kisha akaiweka sindano chini.

"Mimi nina meno kama yako," alisema. "Marehemu baba yako alikuwa nayo. Hatukuyaonea aibu. Nilijua wanakucheka, nikanyamaza nikidhani utazoea. Hapo nilikosea. Ningekuuliza."

Dada alianza kulia.

"Lakini nikwambie ukweli, mwanangu. Kupaka dawa ile ulikosea, na mtu hukosea. Lile neno 'sijui' ndilo lililokaribia kunizikia mtoto. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamwumbua. Wewe ulificha yako, na kifo kikaenda kugonga kwa mwenzako. Siku nyingine ukiwa na jambo, hata liwe baya namna gani, niletee likingali dogo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Sasa nenda ukamwombe msamaha na mwenye kovu."