Upande wa Kushoto wa Baba

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya kilikuwa kikombe.

Kila jioni aliweka kikombe cha chai mezani, kushoto kwa baba yake. Miaka yote kilikaa hapo salama. Siku hizi baba alikuwa akikigonga kwa kiwiko. Chai inamwagika, baba analaumu meza. Kimya anachukua kitambaa, anafuta. Hasemi neno. Ndiyo maana walimwita Kimya.

Baba alikuwa dereva wa gari la mkate. Aliondoka alfajiri haijapasuka na kurudi miguu imevimba. Kimya alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu tangu mama yake alipofariki, na shule aliiacha mwaka uleule. Jioni ilipofika, baba na binti walikaa kama magunia yaliyotuliwa chini. Hata kuongea kuliwachosha.

Siku moja ya mapumziko alikuja baba mdogo, mdogo wake baba. Alibeba televisheni kubwa aliyoinunua kwa mtu.

"Kaka," alisema, "toa lile sanduku lako chini ya kitanda. Leo tuone ule mchezo wako kama bado una makali au umechuja."

Sandukuni mlikuwa na mashine ya zamani ya michezo ya televisheni. Baba aliinunua Kimya akiwa mtoto. Mchezo wake ulikuwa mmoja tu. Askari mwenye kofia nyekundu anapanda ngome, ghorofa baada ya ghorofa, akipigana na wezi waliofunika nyuso. Wezi wanatoka kulia na kushoto. Ukiwa na mwenzako, yeye anakuwa askari wa bluu. Zamani Kimya ndiye aliyekuwa askari wa bluu. Baba alikuwa akimwambia, "Wewe kaa kushoto kwangu, mlinde mzee wako."

Padi ya askari wa bluu, kile kidude cha kushika na kubonyeza, ilikuwa imekatwa waya na panya. Baba akacheza peke yake. Waya wa padi yake ulikuwa mfupi, kwa hiyo aliketi pua karibu iguse kioo.

Picha ilipotokea, baba mdogo alicheka. "Huyu ndiye askari? Mbona kama matofali yaliyopangwa vibaya?"

"Zamani tuliona kama sinema," alisema baba. "Lakini sikiliza muziki. Muziki haujazeeka."

Akaanza. Vidole vyake vilikumbuka kila kitu. Aliruka, akapiga, akainama. Kisha mwizi mmoja akaja, akamchoma kisu. Askari akaanguka.

"Ametoka wapi huyu?" aliuliza baba.

Akaanza tena. Akaanguka tena. Mara ya tatu aliweka padi chini. "Mchezo umeharibika. Wezi wanatokea hewani."

"Hewani wapi, kaka? Wanaingia mlangoni, wamebakiza kupiga hodi tu!"

"Basi televisheni yako mbovu."

"Televisheni haina kosa. Mcheza mbovu husingizia uwanja."

Kimya alikuwa akikunja mashuka ya wateja. Mikono ikasimama. Kila mwizi aliyemuua baba alitoka kushoto. Wa kulia baba aliwamaliza wote.

Akakumbuka kikombe. Akakumbuka bega la baba linavyogonga mwimo wa mlango. Akakumbuka kioo cha pembeni cha gari la mkate, kile cha kushoto, kilichofungwa kwa waya. Baba alisema mageti ya siku hizi yanajengwa membamba.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "labda macho."

"Macho yangu?" Baba alichukua karatasi ya mkate, akasoma maandishi madogo kabisa ya pembeni, neno kwa neno. "Nani mwingine humu anaweza?"

Hakuna aliyeweza. Mambo yakaishia hapo.

Wiki ile baba alirudi amekasirika. "Mtu wa baiskeli kanitukana barabarani. Eti nimetaka kumsaga. Katoka hewani tu, kama wale wezi!"

Kimya hakulala vizuri. Kumwambia baba yake aache kuendesha gari? Atakula nini? Na yeye ni nani hata aseme? Lakini huyo mtu wa baiskeli naye alikuwa na watu wanaomsubiri nyumbani.

Miongoni mwa wateja wake alikuwako muuguzi wa kliniki ya macho. Kimya alimpelekea sare zake, akampa, kisha akabaki mlangoni.

"Una neno, mwanangu?" aliuliza muuguzi. "Umesimama kama mtu aliyetumwa akasahau."

Kimya akaanza na mchezo. Alieleza wezi, kikombe, mlango, kioo na baiskeli. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja. Muuguzi hakucheka.

"Kusoma herufi si kipimo cha jicho zima," alisema. "Kuna ugonjwa unaoanza kula pembeni. Katikati mtu anaona vizuri, anasoma hata gazeti. Hauumi, hauwashi. Mwenyewe hajui. Mlete kesho. Na asiendeshe gari."

Kumpeleka baba kulikuwa kazi. Alisema amechoka. Alisema anaumwa miguu, si macho. Mwishoni baba mdogo alimwambia, "Kaka, nenda tu. Ukikutwa mzima, utatucheka mwaka mzima." Hapo akakubali.

Kliniki walimketisha mbele ya mashine kama bakuli kubwa jeupe. Wakamfunika jicho la kulia. Muuguzi akampa kitufe.

"Tazama katikati, usigeuze jicho. Vitaa vidogo vitawaka huku na huku. Ukikiona, bonyeza."

"Aa, huu ni mchezo," alisema baba. "Michezo naijua."

Akabonyeza. Akakaa. Akabonyeza tena. Kimya alimtazama kidole. Kilikuwa kikipumzika muda mrefu. Baadaye wakapima la pili.

"Dada," baba alisema walipomaliza, "mashine yenu mbovu. Jicho la kushoto, vitaa vya pembeni havikuwaka."

"Viliwaka vyote, mzee," alijibu muuguzi taratibu.

Baba aliweka kitufe chini. Aliangalia mikono yake.

"Yule mtu wa baiskeli," alisema mwishowe. "Alikuwa anasema kweli."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za gari. Hakumpa muuguzi. Alimpa Kimya.

Daktari alipima na kuthibitisha: presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeumia zaidi, la kulia lilikuwa linaanza.

"Si wamtoe tu huyo mtoto wa jicho?" aliuliza baba mdogo, aliyekuwa amewasindikiza.

"Mtoto wa jicho ni ugonjwa mwingine," alieleza muuguzi. "Ule ni ukungu, huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Huu unaharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Kilichopotea hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki."

Akamfundisha Kimya kutia matone. Nawa mikono. Vuta kope la chini, dondosha tone moja. Mgonjwa afumbe jicho na kubana kwa kidole kona ya jicho, karibu na pua, dakika chache.

"Kila siku, hata kama haoni tofauti," alisema. "Wengi huacha kwa sababu hawasikii maumivu. Wakirudi, wamechelewa." Kisha akamgeukia baba mdogo. "Na wewe kaa kwenye kiti. Ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Ndugu na watoto wote wapimwe."

Baba mdogo hakucheka tena. Presha ya macho yake nayo ilikuwa juu, lakini alikuwa hajapoteza kitu. Alianza matone siku ileile. Kimya alipimwa, akakutwa salama, akaambiwa awe anarudi kupimwa.

Kiwanda cha mkate kilimpa baba kazi getini, kukagua kreti kabla magari hayajatoka. Mshahara ulipungua. Siku za kwanza alirudi akaenda moja kwa moja kitandani, kwa sababu kuyatazama magari yakiondoka kulimchosha kuliko kuyaendesha. Kimya alikihamishia kikombe kulia. Alimtia matone asubuhi na jioni, hata miguu yake mwenyewe ilipokuwa inawaka moto. Miezi ikapita. Walipopima tena, daktari alisema ugonjwa umesimama.

Jioni ile baba mdogo alileta padi mpya ya askari wa bluu. Baba aliketi, akapapasa nafasi iliyo kushoto kwake. Kimya akaacha pasi, akakaa. Wezi walipotoka kushoto, yeye aliwamaliza. Baba aligeuza kichwa, kama alivyofundishwa, akawaona wa mwisho. Walifika juu ya ngome.

"Haya, dobi wangu," alisema baba akihema. "Sema kweli. Mchezo bado una makali, au umechuja?"

Kimya alitazama askari wawili wa matofali, wamesimama pamoja.

"Baba," alisema, "mchezo huu sijawahi kuupenda hata siku moja. Nilikuwa napenda kukaa hapa."