Napokea Hata Mmoja

Jumanne asubuhi Ye-seol alikuta viatu vya Gyu-sang vimejaa maji. Vilikuwa pale mlangoni, mahali ambapo kila mtu huvua viatu kabla ya kukanyaga sakafu, vimepangwa sawasawa na ncha zimeelekea nje. Mvua haikunyesha. Bomba halikuvuja. Alichovya kidole, akakionja, akatema. Yalikuwa maji ya chumvi.

"Wewe, ulitoka usiku?"

"Kwenda wapi? Nimelala kama gogo," Gyu-sang alijibu kutoka bafuni.

Uongo mtupu. Tangu wahamie pamoja katika nyumba ile ya vyumba viwili huko Bucheon, Ye-seol hakuwahi kumwona mwanamume huyu akilala kama gogo. Alilala kama mtu aliyebebeshwa gunia: mdomo wazi, mikono imekakamaa, akikoroma na kukwama, akikoroma na kukwama. Lakini mapenzi upofu. Ye-seol alimwaga yale maji kwenye sinki, akaanika viatu dirishani, akaenda jikoni kupika wali.

Kwenye mlango wa friji alikuta karatasi. Ilikuwa ratiba ya Jumamosi, siku yao ya mia tano tangu wawe wapenzi, mwandiko wa Gyu-sang, dakika kwa dakika. Saa nne na nusu, maji yanapwa, njia ya kwenda kisiwa cha Galmodo inafunguka. Saa tano, kuchimba chaza. Saa saba, chakula. Saa tisa, picha kwenye mwamba wa katikati ya njia. Saa kumi kasoro dakika ishirini, njia inafunikwa. Saa kumi na nusu, chaza wa kuchoma.

"Heh! Wewe?" alicheka Ye-seol. "Wewe ambaye siku yetu ya mia tulikula tambi za dukani tumesimama? Mtu asiyejua hata siku ya kutoa takataka, leo kapanga mpaka kupwa na kujaa kwa bahari?"

"Mtu hubadilika, bwana. Nimenunua na makoti mawili, ya njano. Tutafanana."

Ye-seol alimkumbatia kwa nyuma. Mgongo wake ulikuwa baridi, na shingoni alinuka tope la pwani na nywele zilizokaa maji siku nyingi. Alifurahi hata hivyo. Tusimcheke; nani hafurahi kupendwa kwa maandishi?

Jumatano simu ya Gyu-sang iliita akiwa anaoga, Ye-seol akapokea.

"Hapa ni duka la chaza," ilisema sauti ya mama mtu mzima. Nyuma yake makaa yalikuwa yanatatarika. "Wewe ni nani?"

"Mwenzake. Yuko bafuni."

Mama yule aligeuza makaa.

"Mwambie Jumamosi, saa kumi na nusu, mtu mmoja. Sawa."

"Wawili, mama. Tuko wawili."

"Aliniuliza kama napokea mmoja. Mwambie napokea hata mmoja. Nitamngoja." Simu ikakatwa.

Ye-seol alibaki ameishika. Pwani ile nzima, tangu lini duka la chaza likapokea mtu mmoja? Ukienda peke yako wanakutazama usoni, wanakwambia kuanzia sahani mbili, nenda kale tambi. Na huyu mama kapiga mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyeahidiwa mgeni.

Gyu-sang alipotoka, taulo kiunoni, hakubabaika. "Nilipiga kabla hujapata ruhusa kazini. Nilijua mwenye duka la mikate unakofanya kazi atakunyima Jumamosi."

"Kwa hiyo ungeenda kusherehekea siku yetu peke yako?"

"Ningekuletea chaza. Acha maswali, mpenzi, unanitia kichefuchefu."

Lile neno lilimchoma.

Alhamisi jioni, jua bado liko dirishani, Gyu-sang alisinzia kwenye zulia. Ye-seol alikuwa anakunja nguo aliposikia tone, kisha tone jingine, na alipogeuka aliona fulana ya Gyu-sang ikilowa kifuani palepale machoni pake, ikilowa si kama jasho linavyolowesha bali mahali pawili pa mviringo, kama magoti mawili ya mtu aliyepiga magoti juu ya mwenzake, na kifua kikabonyea, mbavu zikalia kwa mbali, na midomo ya Gyu-sang ikawa inanong'ona haraka haraka, "Jumamosi. Nimekwambia Jumamosi. Namleta. Jumamosi."

Ye-seol alipiga kelele. Gyu-sang akaamka, akapangusa kifua, akasema ni ndoto.

Usiku huo usingizi ulimpaa Ye-seol. Kesho yake alimpigia mama yake Gyu-sang kule Daejeon, mama mwema anayeuza mboga za chumvi sokoni, ambaye kila mwezi huwatumia ndoo ya kabichi ya pilipili asiyoombwa.

"Mama, Gyu-sang haumwi kweli?"

"Miaka mitatu sasa huyo mtoto hapati usingizi," mama alisema, sauti ikashuka. "Haniambii kwa nini. Nenda naye huko baharini, binti yangu, akapate hewa. Nakuomba. Usimwache peke yake."

Ndiyo maana Ye-seol alikwenda. Aliombwa na mama.

Jumamosi bahari ilifunguka kwa wakati wake. Njia ilijitokeza, ya mawe na tope, karibu kilomita mbili, na watu wakamiminika na ndoo, watoto na mbwa. Mwanzoni mwa njia walikodi buti za mpira na vijembe vya kuchimbia. Buti za Ye-seol zilikuwa kubwa, mguu unaogelea ndani. Za Gyu-sang zilimkaa, na bado alizizungushia utepe wa gundi mpaka kwenye suruali, raundi nne kila mguu, ili maji yasiingie.

"Na mimi nifunge."

"Utepe umeisha," alisema bila kumtazama.

Walichimba. Walikula wali wa kukunja kwa mwani. Gyu-sang alicheka mara mbili, na Ye-seol akajiambia, unaona, ulikuwa uchovu tu. Saa nane na nusu ukungu ukaingia kutoka kusini. Vipaza sauti vya upande wa bara vikaanza: wageni wote rudini, maji yanageuka. Watu wakakusanya watoto. Gyu-sang alifungua mkoba, akafunga mkoba, akaupoteza mfuniko wa chupa, akautafuta. Walipofika kwenye mwamba wa katikati hapakuwa na mtu mbele wala nyuma, na maji yalikuwa yanaingia pande zote mbili bila kelele.

"Picha," alisema.

"Picha gani? Tukimbie!"

Akamkamata kifundo cha mkono. Alikuwa analia.

"Nisamehe, Ye-seol. Miaka mitatu ananikalia kifuani. Tulikuja hapa, mimi na Chae-ok, tukachelewa. Alinishika mguu, nikampiga teke la uso. Nilimpiga teke, nikapanda juu yake nikapumua. Anasema nimpe mtu. Nikimpa mtu atatoka."

"Niachie!"

"Haiumi sana. Anasema haiumi sana."

Akampiga ngumi ya tumbo, akamwangusha chali kwenye maji ya magoti, akamkalia. Ye-seol alimeza chumvi na tope, akaona anga la kijivu likivunjika juu yake, akasikia chini ya mgongo wake tope likitikisika, likifunguka, na kitu chembamba cha baridi kikapanda toka humo kikamshika buti ya kushoto, vidole vitano, kucha ndefu zilizojaa mchanga, na nywele nyeusi zikaelea pande zote za uso wake zikimwingia puani na mdomoni kama mwani, na Gyu-sang juu anamsukuma kichwa kwa mikono miwili huku akiomba radhi, nisamehe, nisamehe, mpaka mkono wa kulia wa Ye-seol, uliokuwa unatapatapa bila akili, ukakumbuka kwamba bado umeshika kijembe.

Pigo la kwanza lilimpata sikioni, sikio likaning'inia. La pili lilimvunja meno. Alipiga la tatu na la nne bila haja, na lazima tuseme ukweli, la tano alilipiga kwa hasira. Gyu-sang akaanguka pembeni akigugumia damu. Ye-seol akavuta mguu. Ile buti kubwa ilibaki mkononi mwa aliye chini, mguu ukatoka mtupu kama ndizi inayotoka kwenye ganda.

Ule mkono uliipapasa buti tupu. Ukaitupa. Ukatambaa juu ya tope, taratibu, kama kipofu anayetafuta fimbo, ukagusa buti ya Gyu-sang.

Utepe ulishika vizuri. Raundi nne. Gyu-sang alivuta, akakata gundi kwa kucha mpaka kucha zikang'oka, akaita, "Ye-seol! Nifungue! Ye-seol!" Mfa maji haachi kutapatapa. Mkono wa pili ukamzunguka kiuno, wa kike, mwembamba, ukamkunja kinyumenyume mpaka mgongo ukalia, na akazama macho wazi akimtazama yule aliyempenda.

Ye-seol hakumpa mkono. Alikimbia.

Alifika bara kwa mguu mmoja wa buti na mmoja mtupu, akivuka maji ya kifua. Ukungu ulificha kila kitu isipokuwa taa moja ya duka. Aliingia bila kusoma kibao. Ndani meza zote zilikuwa tupu, makaa yamekolezwa kwenye meza moja tu, na mama mwenye aproni ya mpira amesimama kando, mikono imefumbatana.

Alitazama damu kwenye koti la njano.

"Nilimngoja mwanamume," alisema. "Haidhuru. Mmoja ni mmoja."

"Mama, piga simu, mtu amezama, mtu..."

"Kaa, binti." Hakuwa akimtazama tena. Alitazama mlango, na uso wake mzima ukaporomoka kwa kilio na furaha. "Ingia, mwanangu. Ingia, Chae-ok. Mbona umekonda hivyo."

Nyuma ya Ye-seol sakafu ilipiga chapu, chapu, chapu. Kiti cha pembeni kikavutwa. Harufu ya tope ikajaa dukani. Ye-seol hakuthubutu kugeuza shingo. Aliona tu mkono wa kijivu ukinyooka kwenye chaza wanaofunguka motoni, ukiwachukua na maganda yao, na akasikia ganda likitafunwa, meno yakivunjika pamoja na ganda, na yule mama akipuliza kila chaza kabla ya kumpa, pole pole, ni wa moto, kula. Makaa yalipofifia sauti ikakoma. Kwenye kiti palibaki maji, na bakuli la wali lilikuwa na nywele moja ndefu imelala juu.

Mama aliichukua ile nywele, akaibusu, akaifunga kwenye leso.

"Mganga wetu alitupa bakuli baharini mara saba kuivua roho ya mwanangu. Mara saba likarudi tupu," alisema. "Halafu Chae-ok mwenyewe akaniambia ndotoni: bahari haitoi bure, mtu kwa mtu, na atakayetolewa aje kwa miguu yake na mwenzake anayemwamini. Siku mtu atakapoagiza meza ya peke yake, jua nakuja. Nikafungua duka."

Mfukoni mwa Ye-seol simu ilitetemeka. Ujumbe wa mama yake Gyu-sang: *Wanangu, mmeshakula?*

Yule mama aliusoma juu ya bega lake.

"Huyu utamwambia mwanawe amezama. Mengine usimwambie. Usimwambie kwamba wanaweza kurudi. Umenisikia, binti?"

Ye-seol aliitikia kwa kichwa. Alipotoka ndipo akaona kibao juu ya mlango: *Kwa Mama Chae-ok*.

Mwili haukupatikana. Askari waliandika ajali. Ye-seol alinyamaza wiki, akanyamaza mwezi. Lakini siku ya arobaini na tisa, siku ya kumuaga marehemu, mama yake Gyu-sang alijitupa chini mbele ya picha ya mwanawe, akajipiga kifua mpaka damu ikamtoka mdomoni, akilia kwamba hata mfupa mmoja hana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ye-seol, ambaye kila alipofumba macho alilihesabu lile pigo la tano, hakuweza kunyamaza tena. Alimwinua yule mama, akamnong'oneza sikioni yote aliyoyaona dukani. Alidhani anampa faraja.

Mama aliacha kulia papo hapo. Akajifuta uso.

Tangu siku hiyo Gyu-sang alianza kuja. Alimkalia Ye-seol kifuani, sikio linaning'inia, maji yanamdondoka kati ya meno yaliyovunjika, na swali lake lilikuwa moja: utanipa nani? Ye-seol alihama nyumba, akabadili kazi, akamlipa mganga akampigia ngoma siku mbili. Chumvi ilimfuata kila mahali. Mwaka uliofuata alipata mchumba, Mun-seop, fundi wa meno ya bandia, mtu mpole anayelala kama gogo kweli.

Mwezi wa nne simu iliita asubuhi. Nyuma ya sauti makaa yalikuwa yanatatarika.

"Binti yangu," alisema mama yake Gyu-sang, mchangamfu kama zamani. "Nimehama Daejeon. Nimefungua duka la chaza hapa kwenye njia ya Galmodo, jirani na yule mwenzangu. Nimesikia una mchumba. Njooni Jumamosi, njooni wawili. Wakati wa kurudi, usiogope, napokea hata mmoja."

Ye-seol alitazama mlangoni. Viatu vyake vilikuwa vimejaa maji, ncha zimeelekea nje. Chumbani Mun-seop alikuwa anapiga mluzi akitafuta soksi. Ilikuwa miezi kumi Ye-seol hajalala usiku hata mmoja, na kifua kilimuuma kila alipovuta pumzi.

Alichukua kalamu, akabandua karatasi tupu iliyokuwa kwenye mlango wa friji.

"Mama," aliuliza, "njia inafunguka saa ngapi?"