Kijiti Kilichoongeza Mafuta

Wakati wa likizo, kazi ya kwanza ya binti wa fundi wa ndege ilikuwa kupanda ngazi. Kila asubuhi yeye na baba yake walikwenda kwenye ile ndege ndogo yenye injini mbili, moja kila bawa. Binti alifungua kifuniko cha tangi la mafuta lililo ndani ya bawa, akatumbukiza kijiti chembamba chenye namba mpaka kikagusa chini, akakichomoa na kusoma pale unyevu ulipoishia. Baba naye alikitazama, ndipo akaandika daftarini. Kisha wakahamia bawa la pili.

Ndani ya ndege zilikuwapo geji za mafuta, lakini mishale yake ilikuwa na vituko. "Hizo ni pambo tu," baba alizoea kusema. "Mimi naamini kijiti." Na alikwisha kataza kijiti hicho kufanyiwa kazi nyingine yoyote.

Sasa siku moja alasiri, walipokwisha kupima tena baada ya ndege kurudi, mpira wa binti ulibingirika karakanani ukaingia chini ya kabati la vyuma. Baba alikuwa nje ananawa mikono. Binti akakitungua kijiti ukutani, akauchokoa mpira, mara ka! Ncha ya chini ikakatika, kipande kifupi kama kidole gumba. Alikisugua kijiti pale kilipokatika kwenye sakafu ya saruji mpaka kikawa laini, kipande akakisukumia uvunguni mwa kabati, kijiti akakirudisha msumarini. Namba zote zilikuwapo. Nani angejua?

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na safari ya zaidi ya saa mbili juu ya msitu mtupu, kumpeleka daktari na dawa kwenye hospitali ya mbali. Rubani alikuwa Mama Mdogo, mdogo wake mama, mtu wa masihara ardhini lakini si angani.

"Nataka lita mia na ishirini kila upande," alisema. "Jana mlipima mia mia. Ongezeni ishirini ishirini."

Binti akatumbukiza kijiti, akakichomoa, macho yakamtoka. "Mia na ishirini," alisema kwa sauti ndogo. Bawa la pili, hivyo hivyo.

Mama Mdogo akacheka. "Shemeji, ndege yako imejifungua usiku?"

Baba hakucheka. Alikitazama kijiti, akatazama daftari, akakitazama tena kijiti. "Basi jana nilisoma vibaya," alisema polepole. "Nisamehe, shemeji. Macho yangu yameanza kuchoka." Akachukua kalamu, akaikata ile mia moja aliyoiandika kwa mkono wake, akaandika mia na ishirini. Daktari, aliyekuwa amesimama karibu, alimtazama fundi kwa wasiwasi.

Binti alielewa papo hapo. Kijiti kilichopungua chini kinazama zaidi, na unyevu unapanda kwenye namba kubwa. Mafuta hayakuongezeka hata tone. Baba alikuwa amesoma sawasawa, na sasa alikuwa akiomba radhi mbele ya watu kwa kosa ambalo si lake. Aibu ilimpanda binti mpaka masikio yakawaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama Mdogo alikuwa tayari ameweka mguu mmoja juu ya bawa.

"Usipande!" binti alipiga kelele. "Kijiti ni kifupi! Nilikivunja jana, nikakisugua! Kipande kiko chini ya kabati!" Machozi yalimtoka hata kabla hajamaliza.

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimchoma zaidi. Baba alikwenda karakana, akalala kifudifudi, akakitoa kile kipande uvunguni na kukiunga na kijiti. Vilikutana barabara.

"Lita ishirini kila upande," Mama Mdogo alisema, masihara yote yamemwisha. "Arobaini kwa jumla. Hiyo ni karibu nusu saa ya kuruka, na ndiyo akiba yangu. Upepo ungenikaba mbele, ningeishia msituni na mgeni wangu."

Pampu ya pipa la mafuta ilizungushwa kwa mkono. Binti aliomba aizungushe yeye, akaizungusha huku daktari akitazama saa yake, na kila mzunguko aliinamisha kichwa zaidi.

Mafuta yalipotimia, baba alichuchumaa mbele yake. "Mwanangu, kijiti nitachonga kingine leo leo. Kukivunja ilikuwa ajali. Ungeniambia ningekufokea dakika mbili, yakaisha. Lakini ulipokisugua kikaonekana kizima, ulikifundisha kusema uongo, na mimi nikakiamini kuliko macho yangu. Kitu kibovu kinachojulikana ni kibovu hakimdhuru mtu, maana hakuna atakayekitumia. Ukikosea, sema siku ile ile, kabla mtu hajaweka roho yake juu ya kosa lako."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe." Akampa daftari na kalamu. "Pale nilipokata, andika kilichotokea."

Binti aliandika taratibu, vidole vikinuka mafuta: *Baba alisoma sawa. Kijiti nilikivunja mimi, nikaficha.* Alimkabidhi Mama Mdogo daftari bila kuinua uso.

Mama Mdogo aliyasoma maneno hayo mara mbili, akatia sahihi yake chini yake, ndipo akapanda ndege.