Isale Niliyoichuma Kijenge

Nina miaka thelathini na tatu, nina binti mmoja, na naishi Lemara. Kazi yangu ni kuandika michezo ya televisheni. Najua wengi wenu mkimaliza kusoma hapa mtanichukia, na sitawalaumu. Hata mimi kuna asubuhi nachana nywele bila kujitazama kwenye kioo...

Kwa miaka minne nilikuwa mwandishi wa tamthilia ya mahakamani iliyorekodiwa hapa hapa Arusha. Tulikodi nyumba Kijenge, sebule tukaigeuza mahakama. Fundi alitutengenezea kizimba na meza ya hakimu, na dirishani tukaning'iniza pazia zito ili Mlima Meru usionekane, maana hadithi yetu ilikuwa ya mji usio na jina.

Aliyeigiza wakili mkuu, Wakili Subira, alikuwa Mama Glory wa Kimandolu, mama wa miaka hamsini na kitu. Yeye ndiye aliyenikuta nauza vocha za simu, akasoma hadithi nilizokuwa naandika kwenye daftari, akanishika mkono hadi kwa mwenye kampuni. "Huyu binti anajua kuandika, mjaribuni," alisema. Mtu kama huyo unamlipa nini? Ngojeni niwaambie nilimlipa nini!

Sote wawili ni Wachaga wa Machame, kwa hiyo tulizoeana haraka. Siku moja, tukisubiri mafundi wapange taa, alinieleza jambo ambalo hata mumewe hakulijua. Yeye akiwa na miaka kumi na tisa, baba yake aligombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba. Mama Glory alisimama mahakamani, akashika Biblia, akasema uongo. Jirani akapoteza nusu ya kihamba chake, shamba la urithi wa ukoo.

Siku ile ile yule jirani alimletea kibuyu cha maziwa, akamwambia, "Kunywa mwanangu, najua umetumwa." Jirani huyo alikufa bila kuombwa msamaha. Mjane wake alikuwa bado hai, na Mama Glory alikuwa ameamua kwamba Desemba, tukipanda nyumbani kwa Krismasi, atampelekea isale.

Kwa wasiojua, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka. Ukimkosea mtu, unampelekea jani lake ulilolifunga fundo kumwomba msamaha. Mchaga aliyelelewa vizuri, hata awe na hasira namna gani, kulikataa ni jambo zito mno.

Basi akaja mwongozaji mpya, kijana aitwaye Fredi. Akasema watazamaji wamechoka na wakili asiye na doa. Akataka Wakili Subira ale rushwa, aanguke, nafasi yake ichukuliwe na wakili kijana. Mama Glory akazitupa karatasi za mchezo mezani. "Watoto wa shule wananiamkia huko sokoni, shikamoo wakili! Leo nile rushwa mbele yao? Sifanyi!" Wiki tatu mahakama yetu ikawa ya kesi za kweli, huyu anafoka, yule ananuna.

Fredi akaniita pembeni. Mwandishi mkuu alikuwa ameondoka. Akasema nikimletea anguko la Wakili Subira litakalowaliza watu, kiti ni changu.

Niliandika siku mbili tu! Biblia, mpaka, uongo wa binti wa miaka kumi na tisa... vyote nikamvisha Wakili Subira. Hata kibuyu cha maziwa sikukiacha.

Kwetu waigizaji walipewa karatasi asubuhi ya kurekodi. Mama Glory alisoma akiwa amesimama kando ya kizimba, joho jeusi mwilini. Akainua macho, akanitafuta. Mimi nilijifanya napanga mafaili. Alivua joho, akalikunja vizuri, akachukua mkoba wake.

Fredi alinitazama. Nikatoka nje mbio. Uani kulikuwa na mimea ya isale aliyoipanda mwenye nyumba. Nikachuma jani, nikalifunga fundo, nikarudi, nikapiga magoti mbele ya watu wote!

Ndugu zangu, sikuwa najuta hata kidogo. Nilijua tu kwamba hatalikataa.

Mama Glory alilipokea. "Nimekusamehe, Neema," alisema. Kisha akaniomba kitu kimoja tu: "Toa basi kile kibuyu. Bibi yule mjane akikiona atajua ni habari yao." Nikaapa kwamba nitakitoa.

Aliigiza siku ile mpaka mpiga picha akafuta machozi. Lakini wakati wa kuhariri Fredi akasema kibuyu ndicho kinacholiza watu, kibaki. Na mimi, mwandishi mkuu wa siku nne, nikanyamaza...

Ilirushwa Novemba. Bibi aliitazama kwa mjukuu wake.

Desemba Mama Glory alipanda Machame na isale yake. Bibi hakumkaribisha ndani. Alimwambia mlangoni, "Umeanza kuwaambia Watanzania wote, mimi umenikumbuka mwisho? Rudi nayo." Akaingia, akafunga mlango. Kwaresima ilipofika akafariki.

Mama Glory aliacha kuigiza, na zile salamu za watoto sokoni akawa anazipita kimya. Mimi kile kiti nilikikalia miezi mitano tu, Fredi akamleta rafiki yake.

Hapo ndipo nilipoanza kulia kweli. Nilichuma isale nyingine, nikaenda Kimandolu. Nilimkuta anachambua maharage barazani. Alinikaribisha, akanimiminia chai. Nikapiga magoti, nikamwonyesha jani. Hakuligusa.

"La kwako nililipokea siku ile, mwanangu. Nilikusamehe, sikuigiza. Hilo mpelekee mwenyewe, yule bibi wa Machame."

"Mwenyewe si yuko kaburini, mama?"

"Najua," alisema, akaendelea na maharage yake.

Wasomaji wenzangu, mtu akikufungulia moyo wake, hajakupa kitu cha kuuza! Nawasihi, hasa ninyi mnaoandika na kuigiza, kabla hujayapeleka maumivu ya mtu mbele ya umma, muulize kwanza mwenyewe. Na msiombe msamaha ili tu mambo yenu yaende. Mimi niliuomba wa uongo nikapewa wa kweli, na nilipokuja kuuhitaji nikakuta nilishautumia.

Lile jani bado ninalo. Limekauka ndani ya daftari langu la hadithi, na fundo lake halijafunguka.