Mkono wa Rozalia

Kila siku baada ya masomo, Rozalia alipita nyumbani, akavua sare, akala alichoachiwa chunguni, kisha akateremka hadi kwenye banda la mama yake mdogo Honorata. Banda lilikuwa mwisho wa kijiji cha Ilagala, pale michikichi inapoanza kusongamana. Humo ndimo walimokamulia mawese. Pastory, kibarua wa Honorata mwenye mabega mapana, alizungusha mti mrefu wa mashine, na mafuta mekundu yakachuruzika hadi kwenye nusu pipa iliyokuwa chini. Kazi ya Rozalia ilikuwa kuyachota kwa bakuli na kuyamimina kwenye sufuria kubwa ya kuchemshia.

Kazi hiyo alitakiwa kupokezana na Winfrida, binti wa Honorata. Walikuwa sawa kwa umri, miaka kumi na mitatu. Lakini Rozalia hakuliachia bakuli.

"Nipe na mimi nichote," Winfrida alisema.

"Sijachoka."

"Mbona mkono unatetemeka?"

"Nimesema sijachoka."

Alikuwa amechoka. Mkono wa kulia ulimwaka kuanzia begani hadi kwenye vidole, na kiwiko kilikuwa kama kimechomekwa mwiba. Lakini kila alipotaka kupumzika alisikia maji. Hayakuwa mawimbi ya ziwa yaliyosikika kutoka ufukweni. Yalikuwa maji yanayocheza ndani ya mbao, chini ya miguu yake, na juu yake sauti ndogo ikisema, "Dada, yamenifika magotini." Hapo Rozalia aliinama akachota tena, haraka zaidi.

Mwaka ule wa 2015, vurugu zilipozuka Burundi, watu wengi walivuka mpaka kuja Kigoma, wengine kwa miguu, wengine kwa maboti. Mama yake Rozalia alikuwa mzaliwa wa Ilagala aliyeolewa Nyanza-Lac, upande wa Burundi. Baba alibaki kulinda nyumba. Mama alipanda boti na watoto wawili, akafika kwao na mmoja. Tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani aliyemtaja Feliksi, mdogo wake Rozalia, aliyekuwa na miaka mitano. Nguo yake moja ilibaki imekunjwa chini ya mto wa mama, na Rozalia alijua ipo, na mama alijua kwamba anajua.

Ilipofika Septemba, maandishi ya Rozalia yalianza kuharibika. Herufi zilipanda na kushuka, na siku moja kalamu ilimponyoka mara tatu katika zoezi moja la hesabu. Mwalimu Mwinshehe akaenda kusimama kando ya dawati lake.

"Huu si mwandiko wako. Umefanya nini mkono?"

"Nilianguka, mwalimu."

"Lini?"

Rozalia aliuficha mkono chini ya dawati. Mwalimu hakumkaripia. Alimwandikia cheti, akamwambia aende kituo cha afya Alhamisi, siku ambayo mtaalamu wa viungo na misuli huja kutoka mjini.

Mtaalamu huyo aliitwa Sia. Alikuwa mwenyeji wa Moshi aliyepangiwa kazi Kigoma, na wanakijiji walimwita daktari, ingawa mwenyewe kila mara aliwasahihisha. Aliubonyeza mkono wa Rozalia taratibu kutoka begani kushuka, akamwambia akunje ngumi, aikunjue, asukume kiganja chake.

"Hakuna mfupa uliovunjika," alisema. "Hii ni misuli iliyochoka mno. Inaonekana unafanya jambo lile lile mara nyingi sana. Kazi gani?"

"Nachota maji tu ya nyumbani."

"Ndoo ngapi?"

"Mbili."

Sia aliandika hivyo kwenye kadi, kisha akatoa mkebe wenye utepe wa buluu. Ulikuwa utepe mnato unaovutika kama mpira. Akaukata vipande viwili, akazungusha pembe zake ili zisibanduke, akavibandika kuanzia chini ya kiwiko hadi karibu na bega.

"Utepe huu hauna dawa ndani yake," alimwambia. "Unaivuta ngozi kidogo, na baadhi ya watu huona maumivu yanapungua. Hauongezi nguvu. Kinachoponya ni kupumzika. Ukifanya kazi kidogo, acha, nyoosha mkono, badilisha kwenda wa kushoto. Alhamisi ijayo nataka kukuona. Umenielewa?"

"Ndiyo, daktari."

Alikuwa ameelewa nusu tu, ile nusu aliyoitaka. Jioni ile maumivu yalipungua kweli. Rozalia akauona mkono ule wa buluu kama mkono mpya, mkono usioweza kumsaliti. Ijumaa alichota pipa zima bila kumpa Winfrida nafasi. Jumamosi alichota mawili, kisha akaomba kwenda banda la jirani akachote na huko.

"Watoto wa siku hizi na plasta zao," Pastory alisema akicheka.

Rozalia hakucheka. Kadiri alivyochota kwa kasi, ndivyo maji yalivyosikika kwa karibu.

Jumatano Honorata alikuwa na machikichi mengi, na moto ulikuwa umekolea. Rozalia alikuwa amechota tangu saa tisa. Ghafla vidole vilifunguka vyenyewe. Bakuli likadumbukia ndani ya mafuta. Alijaribu kuvikunja vidole tena, navyo havikutii, kama ni vya mtu mwingine. Utepe ulikuwa umeng'ang'ania ngozi, lakini chini yake mkono ulikuwa umekufa ganzi.

Akalishika bakuli kwa mkono wa kushoto. Akachota, na badala ya kumimina kwenye sufuria akamwaga nje, chini, mchangani. Akachota tena akamwaga. Mafuta mekundu yalisambaa hadi kwenye miguu ya Winfrida.

"Rozalia, unafanya nini?"

Hakusikia. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa pale bandani. Aliendelea kuchota na kumwaga, midomo ikitikisika, mpaka Pastory alipouacha mti wa mashine, akamkumbatia kwa nyuma na kumwondoa penye pipa.

"Hayapungui," Rozalia alisema. "Mjomba, maji hayapungui."

Honorata aliyatazama mafuta yaliyokuwa yakizama ardhini, kisha akamtazama mtoto. Alikivua kitenge chake cha begani akamfunika nacho, akamkalisha. "Winfrida," alisema kwa sauti ya chini, "kamwite mama yake."

Kesho yake walikwenda kituo cha afya, Rozalia na mama yake, na Pastory akawasindikiza. Sia alibandua utepe polepole. Kiwiko kilikuwa kimevimba.

"Leo niambie ukweli," alisema. "Nilikutibu kwa ndoo mbili."

Rozalia aliyakodolea macho magoti yake. Kisha akasema yote: banda, mapipa, jirani. Alipomaliza hayo alidhani amemaliza, lakini maneno mengine yakaja nyuma yake.

"Kwenye boti maji yalikuwa yanaingia. Mwenye boti akasema tuchote. Nilikuwa na bakuli. Nilichota, nikachota, mkono ukaacha. Bakuli likaniponyoka, likaenda. Halafu wimbi likaja, boti ikalala. Mimi nikavutwa na watu wa boti nyingine. Ningeendelea kuchota, Feliksi angekuwepo."

Mama yake alijifunika uso kwa ncha ya kanga.

Sia aliinuka, akajaza beseni dogo maji, akampa Pastory. "Kaka, nyoosha mkono mbele, ulishike hivyo hivyo. Usishushe mpaka nikuambie."

Pastory alitabasamu, akalishika. Dakika ya kwanza ikapita. Katika ya pili tabasamu likaondoka. Kabla ya ya tatu kwisha, mkono wake ulitetemeka, maji yakamwagikia sakafuni, na beseni likashuka hadi pajani.

"Nilikuambia ushushe?" Sia aliuliza.

"Hapana. Umeshuka wenyewe."

"Ulitaka ushuke?"

"Nilikuwa nauzuia kwa nguvu zangu zote."

Sia akamgeukia Rozalia. "Huyu ndiye mwenye nguvu kuliko wote bandani kwenu. Je, ni mvivu? Au hana anayempenda?"

Rozalia alitikisa kichwa.

"Basi na wewe hukuacha. Msuli una mwisho wake, na mwisho huo haumuulizi mtu anampenda nani."

Ndipo mama yake alipouondoa ule upindo wa kanga usoni. "Mwana wanje, mwanangu," alisema, "hata mimi nilikuwa na sufuria mkononi. Niliacha kuchota kabla yako. Nilikuona ukiendelea peke yako, na sikuweza kuunyanyua mkono. Nimekaa na jambo hilo miezi minne nikidhani utanichukia ukijua."

Rozalia alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anafika kutoka safarini. Kisha akaegemea begani kwake, na wote wawili wakalia kwa muda mrefu. Pastory alitoka nje akasimama barazani.

Mkono ulichukua wiki sita kupona. Wiki mbili za kwanza Rozalia hakugusa bakuli kabisa. Baadaye alichota kwa zamu, Winfrida akimpokea kila wanapohesabu bakuli ishirini, na Honorata alikaa karibu kuhakikisha. Sauti ya maji haikuisha. Siku nyingine ilikuja hata akiwa darasani. Ilipokuja, alimwambia mama yake, na mama alimsimulia habari za Feliksi, jinsi alivyopenda kula maembe mabichi kwa chumvi, mpaka sauti ikapita.

Siku ya mwisho ya matibabu, Rozalia alimwomba Sia ambandike utepe mara moja tena.

"Huuhitaji," Sia alisema. "Siku ile kosa halikuwa la utepe. Tiba ilishindwa kwa sababu mimi sikujua ninatibu nini. Ukimficha mganga ukweli, anatibu mtu mwingine asiyekuwepo. Mwili ukichoka, sema. Moyo ukilemewa, sema vilevile, tena mapema, kwa mtu anayeweza kukupokea mzigo. Hakuna aliyezaliwa kuchota peke yake."