Kiungulia cha Jumapili

Enzi hizo, kabla nywele za Dakika hazijaanza kumkimbia, duka la dawa lililopakana na soko lilikuwa na foleni ndefu kuliko ulimi wa mmbea. Fundi cherehani alisimama mbele, gauni la maua ya njano alilolishona mwenyewe, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kwa kusahauliwa. Alikuwa amemfuatia mama yake dawa ya kiungulia. Ilibaki chupa moja. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati la bluu limepigwa pasi likasalimu amri, ila kifungo cha pili hakipo, mkono kifuani.

"Dada, hiyo chupa ungemwachia mgonjwa," akasema.

"Mgonjwa yuko nyumbani, na ndiye aliyenizaa."

"Basi kwa mama mkwe sina ubishi."

Foleni nzima ikacheka. Fundi alikasirika hatua tatu, ya nne akacheka na yeye.

Kijana alikuwa fundi saa. Watu walimwita Dakika, kwa kuwa hata ukimuuliza habari za asubuhi hutazama saa kwanza. Kesho yake alileta shati lishonwe kifungo. Kifungo kikazaa chai, chai ikazaa Jumapili. Kila Jumapili mchana alikula kwa Fundi na mama yake, mchuzi mwekundu wa nyanya tele, kisha akajinyoosha kwenye kochi nyuma ya cherehani. Alisema mlio wake ni kama saa mia zilizokubaliana. Jioni simu ikilia, Fundi alijua ni nani.

"Kipenzi, nimefika. Kifua kinawaka."

"Ni mapenzi hayo."

"Mapenzi gani yanapanda kooni na ukali wa ndimu?"

Mwishowe akaenda kwa daktari. Akaambiwa kiungulia hakina sheria moja kwa watu wote: kinachomchoma huyu, mwenzake anakishushia na maji na kulala fofofo. Aandike kila anachokula, saa yake, na kifua kilivyojibu, kisha aondoe kitu kimoja kimoja kwa wiki mbili na kukirudisha aone. Kumpa fundi saa kazi hiyo ni kumtia samaki majini. Aliondoa kahawa, moto ukabaki. Aliondoa pilipili, ukabaki. Machungwa aliyashitaki bure, yakaachiwa huru. Ndipo alipoona kwamba moto mkali wote ulikusanyika siku moja, akafanya kosa ambalo ni fundi saa tu angelifanya. Akaiondoa Jumapili. Nzima, bila kumwambia mtu.

Ya kwanza alisingizia kazi. Ya pili hakupokea simu. Jumatatu Fundi akaenda kibandani kwake na kumkosa. Mezani, kati ya saa zilizofunguliwa matumbo, palikuwa na daftari. Alisoma: Jumapili, kwake, moto. Jumapili, kwake, moto mkali. Na mwisho: Nimeondoa Jumapili, kifua shwari.

Alilichukua daftari akaondoka. Wiki nzima Dakika alimpigia, simu ikalia bila kupokelewa hadi ikachoka, na mikono ya Fundi ikashona mkono wa kushoto mahali pa kulia.

"Mwanangu," mama akasema, akilivuta lile daftari na miwani yake, "mimi nyanya nakula na hazinigusi. Nikilala na shibe ndio naungua. Na huyu si hulala hapo kochini?"

Fundi akasoma upya. Kala saa saba, moto saa saba na nusu. Kila dakika ilikuwepo. Kochi halikuwepo.

Jumapili alimwita. Dakika akaja na shati lile la bluu, akasimama mlangoni kama mteja asiyejua bei.

"Uliniondoa," Fundi akasema.

"Niliogopa kukwambia chakula chako kinanichoma."

"Ukaona bora unichome mimi."

Dakika alikigusa kile kifungo cha pili. Kisha akasema taratibu, "Kifua kilitulia kweli. Usingizi ndio uliokataa."

"Hilo hukuliandika."

"Sikuwa na mahali pa kuliandika."

Fundi akamsogezea kigoda kisicho na mgongo, akampa suruali ya kufumua nyuzi. Mchuzi ulikuwa uleule. Alikaa wima kwa muda wa saa tatu, na moto ukaja mdogo, wa kiberiti kimoja. Jumapili iliyofuata mchuzi ulipikwa bila nyanya, na kifua kikakaa kimya. Iliyofuata tena wakamlaza kochini bila nyanya, akaungua. Kesi ikaisha: nyanya na kochi walishirikiana. Mchuzi ukabadilishwa, kochi akapewa shangazi, na Dakika akawa mfumuaji nyuzi hodari kuliko wote mtaani.

Siku moja, kigoda kikiwa kimeshamzoea, aliandika kitu daftarini na kulisukuma juu ya cherehani.

Jumapili nimeirudisha. Naomba na siku sita zilizobaki.

Cherehani kikanyamaza. Fundi akachukua chaki ya kukatia nguo, akaandika chini yake. Leo daftari limelegea jalada na limo kwenye droo ya cherehani hichohicho, lakini chaki bado inasomeka:

Kitu kimoja kimoja. Anza na Jumamosi.